0W-20, 5W-40 au 10W-60? Uzi wa mnato wa oili kwa magari ya spoti

#1 KrankiNne

Wakuu, salaam. Swali la oili gani iwekwe kwenye gari la spoti haliishi, na majibu mengi yanatoka kwenye mazoea: huyu anasema nzito ndiyo inayolinda, yule anasema fuata kitabu usiulize. Naomba tulichambue kwenye uzi mmoja, kwa namba.

Mfano wa kuanzia ni huu: injini ya lita 2 yenye tabo, nozeli zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kitabu kinataka 0W-20. Gari linatembea barabarani siku za kawaida na mara kwa mara linaingia uwanja wa mbio, dakika 20 kwa mkupuo. Libaki na 0W-20, lipande 5W-30, au liende 5W-40? Anayesema lipande aseme kwa nini, na aseme mwisho wa kupanda ni wapi.

#2 MnatoMia

Mkuu, umefanya vizuri kuuliza kwa namba. Tuanze na zile za kwenye kopo, maana ubishi mwingi unaanzia hapo.

Namba ya mbele, yenye W, haisemi lolote kuhusu oili ikiwa moto. Hupimwa kwenye baridi kali: 0W hupimwa kama itaruhusu kranki kuzunguka kwenye nyuzi -35, 5W kwenye -30, 10W kwenye -25, 15W kwenye -20. Namba ya nyuma ndiyo ya moto, yaani mnato kwenye nyuzi 100. Kiwango cha SAE J300 kinapanga madaraja hivi kwa cSt (sentistoki, kipimo cha mnato): 20 ni kuanzia 6.9 hadi chini ya 9.3, 30 ni 9.3 hadi chini ya 12.5, 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9, na 60 ni 21.9 hadi chini ya 26.1.

Angalia upana wa daraja la 30. Oili mbili zinaweza kuandikwa 5W-30 zote, moja ina 9.6 na nyingine 12.2. Hiyo ya 12.2 iko karibu zaidi na 40 nyepesi ya 12.8 kuliko na mwenzake wa daraja moja. Kwa hiyo anayesema "nilitoka 5W-30 nikaenda 5W-40" bado hajasema amepanda kiasi gani. Tafuta karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa oili, inapatikana kwenye tovuti yake, usome namba yenyewe.

Kwa gari linalokimbizwa kuna namba kubwa kuliko hiyo, nayo ni HTHS. Huu ni mnato unaopimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 150 huku ikisagwa kwa kasi kubwa mno, hali inayofanana na ile iliyopo kati ya kranki na beringi. Kima cha chini cha J300 ni 2.6 kwa daraja la 20 na 2.9 kwa 30. Kwa 0W-40, 5W-40 na 10W-40 ni 3.5, kuanzia 15W-40 ni 3.7, na kwa 50 na 60 pia ni 3.7. Hapo ndipo utaelewa kwa nini 5W-30 si kitu kimoja: 5W-30 ya API SP (kiwango cha ubora cha Marekani) kwa kawaida huwa na HTHS ya 3.0 au 3.1 hivi, lakini 5W-30 yenye kiwango cha ACEA C3 (cha Ulaya) lazima iwe na 3.5 au zaidi. Kwenye beringi, hiyo C3 inafanya kazi kama 40.

Ukipewa nafasi ya kusoma namba moja tu kabla ya kununua, soma HTHS.

#3 SampuKavu

Nakazia alipoishia MnatoMia. Namba zote za kopo zimepimwa kwenye joto lililopangwa. Injini yako ina joto lake, na mnato haushuki kidogo kidogo, unaporomoka.

Chukua oili tatu za sintetiki za kawaida: 0W-20 yenye 8.5 cSt kwenye nyuzi 100, 5W-30 yenye 10.5, na 5W-40 yenye 14. Zipandishe zote hadi nyuzi 130. Sasa zina takriban 5, 6 na 8. Maana yake 5W-40 iliyofika nyuzi 130 ina mnato mdogo kidogo kuliko 0W-20 iliyo kwenye nyuzi 100. Aliyekuwa anaiita nzito, uwanjani anazungusha kranki kwenye kitu chepesi kuliko alichokusudia aliyeandika kitabu.

Mhandisi aliyechagua 0W-20 alichukulia kwamba oili itakaa nyuzi 90 hadi 105, kwa sababu ndivyo barabara ilivyo. Utando unaobeba kranki isigusane na beringi una unene unaotegemea mnato, mzigo na mizunguko. Mzigo ukipanda kwa sababu ya tabo na joto likipanda kwa sababu ya dakika 20 za kukanyaga, utando unapungua kwa sababu mbili kwa pamoja. Ili urudi kwenye mnato uleule ambao injini imezoea ikiwa nyuzi 100, kwenye nyuzi 130 unahitaji daraja la 40, na la 50 kama joto linazidi hapo.

Upande wa pili pia ni kweli. Gari ambalo oili yake haijawahi kupita nyuzi 100 halipati faida yoyote kwa 5W-40. Linapata msuguano zaidi, petroli zaidi, na oili inayochelewa kupata joto asubuhi.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa KrankiNne: oili ya mfano wako inafika nyuzi ngapi? Bila namba hiyo mazungumzo yote ni kubahatisha.

#4 Valvu16

SampuKavu, hesabu naikubali. Naongeza upande wa injini, maana watu wakisoma hapo juu watakimbilia nzito.

Kwanza ni nafasi kati ya kranki na beringi. Kanuni ya zamani ya wajenzi wa injini ilikuwa takriban elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, yaani jino la kranki la milimita 50 linapewa 0.05. Injini nyingi za kisasa ziko 0.02 hadi 0.045. Nafasi ikiwa ndogo, oili nzito inapita kidogo, na kazi ya oili kwenye beringi si kubeba tu, ni kuondoa joto pia. Oili isiyopita inapashwa palepale ilipo. Injini iliyofunguliwa na kujengwa kwa ajili ya mbio, ikapewa 0.06 au zaidi, ni habari nyingine kabisa: hiyo inataka 50 na pampu kubwa, na ukiipa 0W-20 geji ya presha itakuonyesha mara moja ikishapata moto.

Pili ni vifaa vinavyoendeshwa na presha ya oili. Mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unasukuma kamshafti kwa oili inayopita kwenye tundu dogo na wavu mwembamba wa solenoidi. Oili ikizidi uzito, hasa injini ikiwa bado baridi, kamshafti inachelewa kufika pale kompyuta ilipoagiza, na unapata taa na msimbo wa P0011 au P0014. Fundi asiyeuliza umeweka oili gani atabadilisha solenoidi, kisha gia ya kamshafti, na taa itarudi.

Tatu ni pampu. Pampu za kizamani zina valvu ya kupunguza presha. Oili nzito ikiwa baridi inaifungua valvu hiyo mapema, na sehemu kubwa ya oili inarudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) bila kupita kwenye injini. Geji inasoma juu, mwenye gari anafurahi, kumbe kinachofika kwenye beringi ni kidogo. Presha siyo wingi wa oili inayopita. Hapohapo valvu ya pembeni ndani ya filta, ambayo kwa filta nyingi hufunguka tofauti ya presha ikifika psi 10 hadi 20 hivi, inafunguka pia, na oili inapita bila kuchujwa.

Na oili nzito inatengeneza joto lake yenyewe kwa kusagwa. Ukipanda madaraja mawili, geji ya joto inaweza kupanda nayo, ikakula sehemu ya faida uliyokuwa unaitafuta.

#5 KrankiNne

Nashukuru sana wakuu. Magari mengi dashibodi yake inaonyesha joto la maji tu. Joto la oili linapimwaje, na wapi? Maana sampu na geleri (njia kuu ya oili ndani ya bloku) si joto moja.

#6 SampuKavu

Joto la maji lisikudanganye. Maji yanafika nyuzi 90 mapema, oili inachukua takriban mara mbili ya muda huo, na uwanjani maji yanaweza kukaa 95 huku oili iko 135.

Anza na soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari) na programu ya simu, ni rahisi na haifungui kitu. Ila uwe na hadhari moja: kwenye baadhi ya magari joto la oili linalosomwa hapo ni makadirio ya kompyuta, hakuna sensa yoyote. Ukiona namba inapanda kwa mstari laini kabisa bila kutikisika hata unapokanyaga na kuachia, ishuku.

Njia ya kuaminika ni sahani inayokaa kati ya filta na bloku, yenye matundu ya sensa. Nyuzi (thredi) za kufungia filta kwa magari mengi ni M20x1.5 au 3/4-16, na sensa nyingi ni 1/8 NPT. Hakikisha ipi ni yako kabla ya kununua, maana M20 na 3/4 zinakaribiana kiasi kwamba zinaanza kuingia kisha zinaharibu nyuzi. Ukishaifungilia hapo pima vyote viwili, joto na presha. Sensa ya kwenye nati ya kumwagia oili inasoma sampu, nayo inafaa, mradi ujue unapima wapi na usilinganishe namba zake na za mtu anayepima baada ya kipoza.

Sasa kusoma. Barabarani 90 hadi 105 ni sawa. 105 hadi 120 kwa muda mrefu, kaa kwenye oili yenye HTHS ya 3.0 au zaidi. Ukipita 120 mara kwa mara, tafuta 3.5. Nyuzi 130 na kuendelea, unahitaji 3.5 hadi 3.8 na unahitaji kipoza oili, maana kuongeza mnato peke yake ni kukimbizana na joto. Ukifika 140 mara kwa mara usipande daraja tena. Toka uwanjani, ipoe, urekebishe upoozaji kwanza.

Kwa presha, kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 oili ikiwa moto bado inafaa kwa injini zenye pampu ya kawaida. Kwa pampu zinazoongozwa na kompyuta usiitumie. Hizo hushusha presha kwa makusudi mzigo ukiwa mdogo, na rejea yako ni namba za kitabu cha ufundi.

Kipoza kikiwekwa, kiwe na thamostati inayofunguka nyuzi 80 hadi 85 hivi. Bila hiyo, oili inakaa 70 kwenye barabara kuu, unyevu na petroli havikauki, na umetengeneza tatizo jipya.

#7 RingiYaJuu

Mimi naona tunazunguka. BMW M walitoa S54, S65 na S85 zikiwa na 10W-60. Wale wanajua mbio. Gari la spoti lolote likipewa 10W-60 lipo salama.

#8 Valvu16

Kaka, injini hizo tatu hazivuti hewa kwa tabo, zinafika mizunguko 8,000 na zaidi, na oili hiyo ilichaguliwa pamoja na pampu na njia zake. Haikuchaguliwa kwa ajili ya injini ya lita 2 ya 0W-20.

Tazama namba zake. 10W-60 ya kawaida ina takriban 160 cSt kwenye nyuzi 40 na 23 kwenye nyuzi 100. Injini ikiwashwa kwenye nyuzi 25, iko kwenye 330 hivi. 5W-40 kwenye joto hilohilo ina kama 165, na 0W-20 ina kama 85. Kwa hiyo unaisukuma pampu na tundu za solenoidi zilizopangwa kwa 85 zipitishe kitu kizito karibu mara nne, kila asubuhi. Hata wenye S54 hufundishwa kusubiri: kwenye dashibodi ya M3 ya E46 taa za njano kwenye geji ya mizunguko zinazima moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto, na kabla hazijazima mwisho wa kukanyaga uko chini.

Halafu kuna polima. Kupata umbali wa kutoka 10W hadi 60 kunahitaji viongeza mnato vingi, ambavyo ni minyororo mirefu ya molekuli inayokatika kwenye pampu, minyororo ya kamshafti na beringi. Oili za 5W-50 na 10W-60 zinaweza kupoteza daraja zima baada ya kukimbizwa. Oili ya 5W-40 iliyotengenezwa kwa msingi mzuri wa sintetiki kama PAO au esta, ikabaki 13.5 hadi mwisho, inalinda kuliko 5W-50 iliyoanza na 17.5 ikaishia 14 na mabaki ya polima zilizokatika.

Mifano ya watengenezaji wenyewe inaonyesha wanavyopima matumizi. Mustang GT ya 5.0 ilipewa 5W-20, lakini Boss 302 ya 2012, injini ya familia hiyohiyo iliyokusudiwa uwanja, ikapewa 5W-50. Corvette ya C7 ilitoka na 5W-30 kwa barabara na 15W-50 kwa uwanja, halafu kuanzia 2019 wakaunganisha kwenye 0W-40 moja kwa vyote viwili. GT-R ya R35 ni 0W-40. Kibali cha Porsche A40 ni cha 0W-40 na 5W-40 zenye HTHS ya 3.5 kwenda juu. Ukizitazama zote, wengi wanaojenga gari la kukimbizwa linaloendeshwa pia barabarani wanaangukia kwenye 40.

#9 RingiYaJuu

Nimekuelewa mkuu, hoja ya 330 dhidi ya 85 imeniingia. Sasa kama 40 ndiyo inayowafaa hao, kwa nini vitabu vya magari mengine ya spoti vimeandika 0W-20?

#10 MnatoMia

Kwa sababu kitabu kinajibu maswali mawili kwa wakati mmoja: injini idumu, na gari lipite kwenye vipimo vya matumizi ya petroli. Marekani ina sheria ya wastani wa matumizi, CAFE, iliyopitishwa 1975, na mtengenezaji akipimwa na 0W-20 anatakiwa aipendekeze hiyohiyo kwa mnunuzi. Oili nyepesi inapunguza msuguano kidogo kwa kila gari, lakini ukizidisha kwa magari yote anayouza, faida yake kwenye hesabu ya sheria ni kubwa.

Hiyo haina maana kwamba 0W-20 ni mbaya. Injini za siku hizi zimepangwa kwa ajili yake: uso wa beringi laini zaidi, nafasi ndogo, pampu inayojua kubadilisha presha. Barabarani inatosha kabisa. Na vitabu vingi vya Toyota vina sentensi ambayo watu huiruka, inayosema oili yenye mnato wa juu zaidi huenda ikafaa zaidi gari likiendeshwa kwa kasi kubwa au chini ya mzigo mkubwa. Soma kurasa zote za oili kwenye kitabu chako, usiishie kwenye jedwali. Kama gari lina dhamana, sentensi ya namna hiyo ndiyo kinga yako, na isipokuwepo, omba jibu la maandishi kutoka kwa wakala kabla ya kupanda daraja.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwa injini ya KrankiNne nadhani ni zito kuliko joto: petroli ndani ya oili. Nozeli zinapopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, sehemu ya petroli inagonga ukuta wa silinda na kuteremka na ringi hadi kwenye sampu. Safari fupi fupi, injini haijapata joto, inajikusanya. Petroli asilimia 3 hadi 5 inatosha kushusha oili daraja zima. Kwa hiyo 0W-20 yenye HTHS ya 2.6 ikishachanganyika inafanya kazi chini ya kiwango chake chenyewe, na hapo ndipo unapoingia uwanjani na tabo inasukuma kwa nguvu zote. Dalili zake: kijiti kinanuka petroli, na kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Anayeona kiwango kinapanda akashukuru kwamba injini haili oili, ajue kwamba kilichoongezeka ni petroli.

Hii peke yake inatosha kutetea kupanda daraja moja kwenye injini ya aina hii, hata kama joto halijapita 120.

Mengine ya kusoma nyuma ya kopo, kwa haraka. Injini ndogo yenye tabo na nozeli za namna hii ina hatari ya mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche kwenye mizunguko ya chini na mzigo mkubwa, tukio linalovunja mabega ya ringi kwenye pistoni. Kalsiamu nyingi kwenye oili inachochea, magnesi haichochei. API SP, iliyoanza 2020, ina jaribio lake. Oili nyingi za 5W-40 za ACEA A3/B4 zina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo chagua inayobeba API SP pia. Gari lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi linataka oili ya majivu machache: C3 au C2 zinaishia asilimia 0.8, A3/B4 inaweza kufika 1.6, na kichujio kitaziba polepole.

#11 SampuKavu

Kuna kosa la kufikiri nataka niliweke wazi kabla halijaharibu injini ya mtu. Wengi wanaona geji ya presha inaanguka kwenye kona ndefu, wanahitimisha oili ni nyepesi, wanaweka nzito. Presha inayoanguka kwenye kona na kurudi kwenye mstari mnyoofu ni pampu inayovuta hewa. Oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kunyonya limebaki wazi. Hakuna mnato unaoponya hilo.

Nzito inaweza hata kulizidisha. Kwenye mizunguko ya juu pampu inapeleka oili nyingi juu kwenye silinda hedi, na kurudi chini inategemea uzito wake tu kupitia mifereji myembamba. Oili nzito inachelewa kurudi, sampu inapungua, na bomba linafunuliwa mapema zaidi.

Tiba ni nyingine: kiwango kiwe kwenye alama ya juu kabisa ya kijiti kabla ya kuingia, sampu yenye vizuizi na milango ya upande mmoja, tangi la akiba lenye presha, au sampu kavu (oili inakaa kwenye tangi la pembeni) kwa anayeweza. Tairi zenye mshiko mkubwa ndizo zinazoleta tatizo hili, kwa hiyo anayebadilisha tairi aangalie sampu siku hiyohiyo.

Tofautisha hivi. Presha inashuka polepole kadiri joto linavyopanda, kwenye kona na kwenye mstari mnyoofu sawasawa: hilo ni la mnato au beringi zilizolika. Presha inaanguka ghafla upande mmoja wa kona: hilo ni la sampu. Rekodi presha pamoja na nguvu ya kona kwenye kifaa kimoja, utaona bila kubishana.

#12 KrankiNne

Wakuu, mmenifungua macho. Sasa naomba jibu la mfano wenyewe, na hatua za kuhama daraja bila kuharibu.

#13 Valvu16

Kwa injini hiyo, matumizi hayo: 5W-30 yenye HTHS ya 3.5, au 0W-40 nyepesi, kutegemea joto. Nisingeanza na 5W-40 nzito, na nisingepita 40 kabla injini haijafunguliwa na nafasi za beringi kupimwa.

Kabla hujahama, chukua vipimo vya hali iliyopo ukiwa bado na 0W-20: presha injini ikiwa moto bila kukanyagwa, presha kwenye mizunguko 3,000, na joto la juu kabisa baada ya dakika 20 za uwanja. Andika. Chukua na sampuli ya oili wakati wa kumwaga, injini ikiwa moto, katikati ya mtiririko, si tone la kwanza wala la mwisho, na ipeleke maabara ya uchambuzi. Unachotaka kuona ni mnato wa nyuzi 100, asilimia ya petroli, chuma, shaba na risasi. Mnato ukiwa umeshuka chini ya daraja lake na petroli imepita asilimia 2 hivi, tayari una sababu ya kupanda.

Weka oili mpya na filta mpya ya daraja lilelile la ubora, washa, acha dakika moja, zima, subiri dakika 10, soma kijiti. Endesha taratibu mpaka oili ifike nyuzi 80 kisha rudia vipimo vilevile mahali palepale. Presha ya moto ikipanda psi chache na joto likabaki au likapanda nyuzi mbili tatu, umeangukia pazuri. Joto likipanda nyuzi 8 au 10 kwa uendeshaji uleule, umepita kiasi, rudi nyuma nusu daraja: ndiyo faida ya kusoma karatasi ya vipimo, unaweza kutoka 14 kwenda 12.5 badala ya kuruka hadi 10.5.

Sikiliza tapeti asubuhi. Mlio unaozidi sekunde chache baada ya kuwasha, ambao haukuwepo kabla, unamaanisha oili inachelewa kufika juu. Soma misimbo ya kompyuta baada ya wiki, hata kama taa haijawaka, ukitafuta za kamshafti zilizo kwenye kusubiri.

Usifikie mizunguko ya juu kabla ya nyuzi 80, oili iwe yoyote. Mwisho wa uwanja zunguka mzunguko mmoja polepole kabla ya kuzima, tabo ipoe oili ikiwa bado inapita. Ukizima ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi za tabo inaungua na kuwa gome gumu.

Sampuli ya pili ichukue kwenye kilomita 5,000, au baada ya siku mbili tatu za uwanja, kitakachotangulia. Chuma na risasi vikishuka kwa kilomita ileile, uamuzi ulikuwa sahihi. Visiposhuka, tatizo halikuwa mnato.

#14 RingiYaJuu

Swali la mwisho kwangu. Oili imepungua uwanjani na inayopatikana hapo ni 5W-40 wakati ndani kuna 5W-30. Inaongezwa?

#15 MnatoMia

Inaongezwa, bila wasiwasi. Oili za injini zenye viwango vya API au ACEA lazima zichanganyike bila kuganda wala kutengana. Lita 1 ya 5W-40 yenye 14 kwenye lita 4 za 5W-30 yenye 10.5 inakupa kama 11, bado uko ndani ya daraja la 30. Unachopoteza ni uwiano wa viongeza, kwa hiyo usichukulie kwamba mchanganyiko una vibali vya yoyote kati ya hizo mbili, na mwage kwenye sevisi inayofuata kwa muda wake wa kawaida.

Kuingia na kiwango kilicho chini ya alama kwa sababu unasubiri oili ya daraja kamili ni hatari kubwa zaidi. Ongeza nusu lita, subiri, soma kijiti gari likiwa mahali pa tambarare, ongeza tena kidogo kidogo hadi alama ya juu. Usiipite alama hiyo isipokuwa kitabu cha gari lako kimesema hivyo kwa matumizi ya uwanja, kwa sababu kranki ikianza kupiga oili inaitia mapovu, na oili yenye hewa haibebi beringi hata kama ni 60.

Na kama imepungua zaidi ya lita 1 kwa siku moja, angalia mpira wa tabo, kopo la kunasa mvuke na moshi wa bluu unapoachia mafuta, kabla ya kurudi tena uwanjani.